Mstari wa Saba

Lae, 6 Februari 1994

Kaka Nason,

Nimefika. Meli imenitapisha njia nzima, na yule mama wa Finschhafen aliyekaa karibu yangu alikuwa anakula samaki wa moshi makusudi ili nimwone. Msalimie Mama na mguu wake. Msalimie Mchungaji Tobi. Na wifi yangu naye, mwambie asipande tena bustanini na mzigo wa viazi mgongoni, tumbo lenyewe lilivyo. Mwambie nimesema mimi. Akicheka, mwambie tena.

Huu ndio mwaka wa mwisho. Wasichana kwenye darasa la umeme tumebaki wawili, mimi na Jerolin wa Bougainville, na wanaume bado wanatuuliza kama tumekuja kupika. Tumegawiwa kitabu cha kanuni chenye kurasa themanini na nne. Mwalimu Wapi alisema tukisome chote. Wengi wanakikalia karakanani wasichafue suruali. Mimi nimefika ukurasa wa kumi na mbili, unaosema kila mwanafunzi ana haki ya kumwona mshauri akipata shida. Nilikwenda kuuona mlango wake. Mlango ni mzuri, una kibao kipya. Mshauri mwenyewe bado hajaajiriwa.

Jenereta ya zahanati imefika? Niandikie ni ya ukubwa gani, nianze kuchora mpango wa nyaya. Huyu mtoto wenu wa kwanza atazaliwa kwa tochi kama tulivyozaliwa sisi wote. Wa pili nitamwashia taa mwenyewe.

Mdogo wako,
Dorkas


Barimau, 27 Februari 1994

Kwako Bibi Umeme,

Barua yako imetufikia ikiwa imelowa pembeni, lakini inasomeka. Mguu wa Mama umepungua uvimbe, umebaki ulimi wake tu. Nguruwe wa jirani Aigal ameingia tena kwenye majimbi yetu, na Aigal anaapa si nguruwe wake, ingawa nguruwe alimfuata mpaka nyumbani mbele ya watu wote.

Jenereta imefika. Imeletwa juu ya mashua mbili zilizofungwa pamoja, wanaume kumi na wawili, na Mchungaji Tobi akipiga kelele ufukweni kuliko hao kumi na wawili. Ipo nyuma ya zahanati chini ya turubai. Kijana mmoja wa serikali alikuja kuitazama, akasema ni marufuku kuunganishwa na mtu asiye na cheti, la sivyo itatuua sote. Aigal akamwambia, "Cheti chetu kiko Lae kinasoma. Kinaitwa Dorkas. Kinarudi Krismasi." Kwa hiyo ujue watu wanakuhesabia siku.

Wifi yako anasema tumbo ni lake, si lako. Kisha akacheka, nami nikamwambia tena kama ulivyoagiza, akanirushia ganda la nazi. Anakufumia kiondo cha kuwekea koleo na bisibisi zako. Amebakiza mshipi wa kukibebea kichwani. Anataka uwe mrefu, maana anasema una kichwa kikubwa.

Kaka yako,
Nason


Lae, 17 Aprili 1994

Kaka Nason,

Sijui nikusalimu vipi. Nilikuacha ufukweni hukupunga mkono, na mimi sikupunga. Mama anakula? Mtoto ananyonya kwa nani sasa?

Meli iliharibika mashine tukakaa Finschhafen siku sita, ndiyo maana nimechelewa kuandika. Nilipoondoka chuoni siku ile ya tangazo la redio sikumuaga mtu. Tulikuwa karakanani, redio ya Mwalimu Wapi ikasema, "Dorkas Aipake, popote ulipo Lae, wifi yako amefariki kwa uzazi, rudi Barimau," na mimi nikakimbilia bandarini na ovaroli yangu, kwa sababu meli ilikuwa inaondoka saa kumi. Nani angeomba ruhusa kwanza? Sasa kumbe ilitakiwa niombe. Iko ukurasa wa thelathini na moja, ambao sikufika. Mwanafunzi akikosa darasa zaidi ya siku mbili katika kila kumi anafutwa, isipokuwa ana ruhusa. Aliyefiwa anajaza fomu ndani ya siku saba baada ya kurudi, kwa mwandiko wake mwenyewe, na kuambatanisha barua ya kiongozi wa dini. Mimi nimekosa wiki tano.

Barua ya Mchungaji Tobi ninayo. Fomu nikaijaza. Mstari wa sita wanauliza uhusiano, nikaandika "wifi". Mstari wa saba wanataka jina kamili la marehemu. Huo nikauacha. Kaka, nilidhani mtu yeyote aliyelelewa na mama akiona pameandikwa "wifi" halafu chini yake peupe, ataelewa.

Karani wa masijala ni Bwana Kerenga, mtu wa milimani. Akaniambia, "Dada, hapa umesahau."

"Sikusahau."

"Basi jaza."

"Siwezi. Ni wifi yangu."

"Kwani wifi yako hana jina?"

Foleni nzima ikacheka. Nikamweleza kwamba kwetu jina la mkwe au la wifi halitoki mdomoni mwako wala mkononi mwako mpaka unakufa, na kwamba ukilifikia katika maneno unanyamaza, na aliye karibu nawe analitaja kwa niaba yako. Hata mtoto mdogo anajua kazi hiyo. Nikageuka nyuma kabisa kama mjinga, kutafuta wa kunitajia. Nyuma yangu alikuwa mtu wa darasa la kuchomelea, anakula biskuti.

"Dada," Bwana Kerenga akasema, "fomu yenye pengo hatupokei. Nikipokea yako kesho wote wataacha mapengo."

Mlango wa mshauri niliukuta umefungwa, kibao bado kinang'aa. Basi Jerolin akalitoa jina kwenye barua ya Mchungaji akaniandikia mstari wa saba. Nilifumba macho akiandika. Fomu imepokelewa na kugongwa muhuri, kwa hiyo usiongeze hili kwenye mzigo ulio nao.

Mdogo wako,
Dorkas


Barimau, 8 Mei 1994

Mdogo wangu Dorkas,

Tupo. Mama anakula kidogo. Mtoto ananyonya kwa Naomi, mke wa Aigal, pamoja na wa kwake. Ni wa kike, hilo uliliona. Analala vizuri mchana.

Nafurahi fomu imepokelewa. Mchungaji ametangaza kanisani kwamba mwezi wa kumi na mbili zahanati itakuwa na taa, na wanawake walipiga makofi. Mimi nilitoka nje.

Uliniuliza ufukweni ilikuwaje siku ile, nikageuza uso. Usiniulize tena kwa sasa.

Kiondo chako nakituma na meli hii. Hakina mshipi. Dada zake walitaka kuumalizia, nikakataa. Kibebe hivyo hivyo mkononi.

Nason


Lae, 12 Juni 1994

Kaka,

Salamu kwenu nyote. Mimi mzima. Masomo yanaendelea vizuri, tuko kwenye mota sasa. Kiondo kimefika, koleo zote zimeenea.

Kuanzia sasa niandikie kwa sanduku la shangazi yake Jerolin, namba iko nyuma ya bahasha. La chuo linapoteza barua.

Mbusu mtoto. Bado hujaniambia anaitwa nani.

Dorkas


Barimau, 4 Julai 1994

Dorkas,

Sitakusalimu kwa urefu, nimekasirika.

Meli imeleta barua ya chuo kwa "Mzazi au Mlezi". Mama akanipa niisome kwa sauti mbele ya watu, akidhani ni habari njema. Nikaanza kuisoma nikiwa nimesimama. Inasema umefutwa kwa utoro, na kwa kuwasilisha fomu iliyojazwa na mtu mwingine, na kwamba kamati imeshindwa kuthibitisha kuwa kifo ulichodai kilitokea. Kilichodaiwa! Nimechimba kaburi kwa mikono hii, wao wanasema kifo kimedaiwa.

Inasema pia rufaa inapokelewa ndani ya siku kumi na nne tangu tarehe ya barua. Tarehe ya barua ni 23 Mei. Imetufikia tarehe 29 Juni. Sijasoma ufundi, lakini kuhesabu najua.

Na wewe tarehe 12 Juni unaniandikia kwamba mko kwenye mota. Mota gani, Dorkas? Kwa nini umenidanganya mimi? Watu wameniuliza nikawaambia chuo kimekosea jina, ni Dorkas mwingine. Sasa tuna waongo wawili katika nyumba moja.

Niambie yote. Usiruke neno.

Nason


Lae, 24 Julai 1994

Kaka Nason,

Una haki ya kukasirika. Nilikudanganya kwa sababu sikutaka kifo chake kiwe ndicho kilichonifukuza. Ningekuambia, kila mtu Barimau angesema ameondoka na cheti changu, na hata wewe ungelifikiria hilo siku moja, usiku mmoja tu, na mimi nisingeweza kuvumilia ulifikirie.

Waliniita tarehe 19 Mei. Bwana Kerenga ndiye aliyegundua, maana mwandiko wa Jerolin umelala na wangu umesimama. Kitabu kinasema mwanafunzi anaruhusiwa kusindikizwa na mshauri wake. Nikasema sina. Mwalimu Wapi akaomba aingie yeye, wakamkatalia, kitabu kimemtaja mshauri tu. Wakaandika, "Mshauri hakufika."

Walikuwa watatu, na kitambaa cheupe mezani. Mwenyekiti ni mama mtu mzima mwenye miwani, wala si mbaya, nisimsingizie. Yule wa kulia kwake ndiye aliyenihoji.

"Mstari wa saba nani aliandika?"

"Rafiki yangu."

"Na hii barua ya mchungaji, tutajuaje si huyo huyo rafiki aliyeiandika?"

"Mchungaji Tobi yupo. Mpigieni redio ya misheni."

"Si kazi ya kamati kumpigia mtu."

Nikawaeleza mwiko wetu, kama nilivyomweleza Bwana Kerenga. Wa kushoto akasema yeye ameoa mwanamke wa pwani na hajawahi kusikia mambo hayo. Labda wanawake wa pwani ile ni wengine, au labda mkewe amechoka kumweleza. Ndipo yule mama akavua miwani akaniambia kwa upole kabisa, "Binti yangu, tusisumbuane. Hapa tuko wanne tu na mlango umefungwa. Tutajie jina lake, niliandike, mambo yaishe, ukale chakula."

Kaka, lilikuwa mdomoni. Nakwambia lilikuwa hapa kwenye meno. Nilimwona wifi amekaa mlangoni na kile kiondo, amenikata jicho kama ananiambia, haya, sema basi tuone. Pangaboi lilikuwa linagonga juu, limelegea skrubu moja, nikawa nalitazama hilo. Nilikuwa nasubiri mtu anitajie. Miaka ishirini na moja sijawahi kusubiri jina nikalikosa, siku zote kuna mtu pembeni. Wakasubiri, nikasubiri. Yule mama akavaa miwani yake.

Waliandika, "Mwanafunzi alishindwa kumtaja marehemu." Wakanipa nitie saini, nami nikatia, kwa sababu ni kweli.

Sasa natandika vitanda kwenye nyumba ya wageni ya shangazi yake Jerolin. Taa ya chumba cha nne imekufa wiki iliyopita. Niliona kabisa ni waya umechomoka. Shangazi akamwita fundi mwenye cheti.

Kama ungekuwa wewe ungesema? Nijibu hilo.

Dorkas


Barimau, 15 Agosti 1994

Mdogo wangu,

Umeniuliza kama ningesema. Nisingesema. Baba wa mke wangu nimemwita "yule mzee" miaka minne, na angeniuliza jaji na upanga mkononi ningenyamaza. Kwa hiyo hasira yangu mawimbi yaichukue, sikuiweka mahali pake.

Nami kuna niliyokunyima. Uchungu ulianza mchana, giza likaingia. Muuguzi alikuwa anajua la kufanya, tatizo haoni. Tochi ilikuwa na betri za zamani. Mimi niliishika, na kila ikififia naitikisa, na muuguzi ananigombeza, "Shika hapa, hapa, sioni damu inatoka wapi!" Hatua sita kutoka hapo, nyuma ya ukuta, ilikuwa jenereta mpya chini ya turubai. Nilisema nitaiwasha mwenyewe. Wakanizuia, hakuna waya hata mmoja uliounganishwa. Yeye, pale kitandani, akasema, "Iache. Dorkas atakuja." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho yenye maana. Nilikuficha ili usiyabebe. Sasa nimekupa, maana naona wote wawili tunabeba gizani na hatuoneshani.

Jenereta haipo tena. Baraza la kanisa lilikaa baada ya barua ya chuo. Wamesema haiwezi kuozea hapa, wameipeleka misheni ya kisiwa cha pili ambako wana fundi. Wale kumi na wawili waliobeba mwanzo ndio walioipeleka majini tena. Nami nilibeba. Majani chini ya turubai yamekufa, pamebaki mraba mweupe nyuma ya zahanati. Naomi ana mimba nyingine. Atajifungua mwezi wa kumi na moja.

Mtoto anaitwa Estina. Mama mkwe wangu alitaka apewe jina la marehemu mama yake, kama ilivyo desturi. Nikakataa, wakaniona mwendawazimu. Nikawauliza, shangazi yake atamwitaje? Atakuwa anampigia miluzi kama mbwa? Kwa hiyo ana jina unaloweza kulisema. Kila mtu ananilaumu isipokuwa Mama.

Ndani ya bahasha hii utakuta karatasi iliyokunjwa na kushonwa kwa uzi mwekundu. Usiifungue. Ni ya chuo, na jina limo. Wape hivyo hivyo. Najua siku zimepita, lakini siwezi kukaa na karatasi ile inayosema hakufa.

Kaka yako,
Nason


[Karatasi iliyoshonwa]

Kwa Kamati,

Mimi ni Nason Aipake wa Barimau, kaka wa mwanafunzi. Mliuliza jina. Mke wangu aliitwa Mispa Kaure. Alikufa tarehe 9 Machi kwa kutoka damu, mbele yangu, nikiwa nimeshika tochi. Dada yangu hakushindwa kumtaja. Alimheshimu. Kwetu anayenyamaza hivyo anasaidiwa na aliyesimama naye, na aliyepaswa kusimama naye ni mimi, lakini nilikuwa mbali na meli haikuwepo.

Jina hilo nimeliandika mimi, mumewe, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Naomba liandikwe mstari wa saba.


Lae, 18 Septemba 1994

Kaka Nason,

Salamu kwako, kwa Mama, na kwa Estina. Nimelisema jina lake mara nyingi leo nikitandika vitanda. Ni jina jepesi. Umefanya vizuri.

Maneno yale ya mwisho nimeyapokea. Sitasema zaidi juu yake, maana nikianza sitamaliza barua.

Karatasi yako nimeipeleka jana. Kwanza nilipita kwa mshauri, maana nilisikia ameajiriwa. Ni kweli, yupo, ni kijana mpole mwenye meza na viti viwili. Aliniuliza namba yangu ya mwanafunzi, akatafuta, akasema anasikitika sana, yeye anahudumia walioandikishwa tu.

Masijala ni Bwana Kerenga yule yule. Alinikumbuka. Akakata uzi wako kwa wembe, akakunjua, na kabla sijawahi kuziba masikio akasoma kwa sauti, foleni nzima ikisikia. Jina lote, Kaka. Sikuwa nimelisikia tangu kaburini. Niligeukia mlango, nikadhani ataingia.

Bwana Kerenga akasoma mpaka chini, akarudi juu. Sidhani ni mtu mbaya. Akaniambia muda wa rufaa ulipita, hakuna anayeweza kuufungua, hata mkuu wa chuo. Lakini akachukua faili langu, akaitoa ile fomu, akaukata kwa kalamu mwandiko wa Jerolin, na juu yake akaandika jina kwa mkono wake. Akaligonga muhuri. Nikamwona anaridhika.

"Basi, sasa imekamilika," akasema. "Jina tu. Unaona? Lingetosha."

Kisha akamwita aliyekuwa nyuma yangu.

Mwambie Naomi anunue betri mpya.

Dorkas